Mtungi wa Asali

Ndani ya mtungi mlikuwa na mvinyo, na hapakuwa na mwanamke chumbani asiyejua kwamba ni mvinyo. Lakini walipoutaja waliuita maziwa, na mtungi wenyewe, uliofunikwa vizuri, waliuita mtungi wa asali. Mila za Roma ya kale zilimkataza mke wa mtu kuonja mvinyo. Wazee wao walisimulia hata habari za mume mmoja wa zamani za Romulus, mwanzilishi wa Roma, aliyempiga mkewe hadi akafa kwa kosa hilo, na asiadhibiwe. Sasa usiku mmoja kwa mwaka, mwanzoni mwa Desemba, wake wa wakubwa wa jiji walikutana kumfanyia ibada mungu wao wa kike, wakauweka mvinyo palepale mbele yao, wakalistahi katazo kwa kuubadilisha jina. Anayeijua lugha ya makungwi wa pwani yetu, ambamo kitu kina jina la nje na jina la ndani, hatashangaa sana. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mungu huyo aliitwa Bona Dea. Kwa Kilatini hilo ni sifa tu, yule wa kike aliye mwema. Sisi tungesema Bi Mwema. Jina lake halisi wanaume hawakuruhusiwa kulisikia, na kwa kuwa vitabu vilivyotufikia kuhusu jambo hili viliandikwa na wanaume, hata sisi hatuna hakika nalo. Wao walikisia. Wengine walisema alikuwa mke wa Faunus, mungu wa mashamba na mwitu, akanywa mvinyo kwa siri, mumewe akamchapa kwa fimbo za mhadasi mpaka akafa, na ndiyo sababu tawi la mhadasi halikuingia kwenye sherehe yake. Wengine wakasema la, alikuwa binti wa Faunus, na fimbo alizipata kwa kumkataa baba yake aliyemtamani. Wagiriki walikuwa na lao, watu wa Frigia walikuwa na lao. Watu wanne wakikupa majibu manne kuhusu kilichoko jikoni, jua hakuna hata mmoja aliyeingia jikoni.

Yaliyojulikana yalikuwa ya mlangoni. Ibada ilifanyika nyumbani kwa mkubwa wa serikali, konsuli au pretori, kila mwaka nyumba nyingine. Siku hiyo mwenye nyumba alitoka na kwenda kulala kwa watu, yeye na kila wa kiume aliyekuwamo, watumwa kwa mabwana. Wanyama madume pia walitolewa. Picha ya mwanamume ikiwa ukutani ilifunikwa kitambaa. Mke ndiye aliyebaki na nyumba. Aliipamba kwa matawi ya mizabibu, akawapokea wenzake pamoja na mabikira wa Vesta, wale makuhani sita wanawake waliolinda moto mtakatifu wa Roma. Nguruwe jike alichinjwa. Karibu na sanamu palikuwa na nyoka. Halafu ngoma na vinanda hadi usiku wa manane. Na usidhani ilikuwa sherehe ya akina mama kujifurahisha tu, kwa maana ilihesabiwa kuwa ibada kwa ajili ya taifa zima. Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, alipoandika sheria za dola kama alivyotamani ziwe, aliwakataza wanawake kutoa sadaka usiku, kisha akaiacha hii moja.

Cicero huyo aliwahi kufukuzwa kwake na ibada hii. Mwaka 63 KK alikuwa konsuli, na zamu ikaangukia nyumba yake. Jioni ya tarehe 3 Desemba alikuwa amekwisha kuwatia nguvuni wala njama wa Catilina, seneta aliyetaka kuipindua serikali, hajui awafanyeje: awaue bila hukumu ya umma, au awaache wapate wa kuwaokoa. Hakuweza hata kwenda kuwaza kitandani mwake. Alijisitiri kwa jirani. Usiku huo, anavyosimulia mwandishi Mgiriki Plutarch, moto wa madhabahuni ulikuwa umekwisha kufa, mara majivu na magome yaliyoungua yakalipuka mwali mkubwa mweupe. Wanawake wakaogopa. Mabikira wa Vesta hawakuogopa. Walimwambia Terentia, mke wa Cicero, aende upesi kwa mumewe akamwambie atekeleze aliyoyakusudia kwa ajili ya nchi, maana mungu amempa ishara. Terentia akaenda. Plutarch anaongeza, kwa kauli anayosema ni ya Cicero mwenyewe, kwamba mama huyo alijiingiza katika siasa za mumewe kuliko alivyomwingiza mumewe katika mambo ya nyumbani. Siku mbili baadaye wafungwa walinyongwa. Mimi sisemi moto haukuwaka. Ninachokiona ni kwamba wanawake waliokuwa wamejifungia wasionekane walijua barabara nini kinaendelea nje, na walipotaka neno lao litoke, lilitoka.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Julius Caesar.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na Caesar kupitia mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyeutafsiri mchezo wa Shakespeare na kuutoa mwaka 1963. Mle mke wake ni Calpurnia, mwenye ndoto za damu. Habari hii ni ya miaka 17 hivi kabla ya visu vile vilivyomuua, na mke ni mwingine, Pompeia, mjukuu wa dikteta Sulla. Caesar alikuwa pretori, na pia kuhani mkuu wa Roma, cheo alichokipata mwaka mmoja tu nyuma, kwa hiyo alikaa katika nyumba ya serikali kando ya Njia Takatifu, jirani kabisa na mabikira wa Vesta. Nyumba hiyo ilikuwa na mtu mwingine mwenye amri: Aurelia, mama yake Caesar. Plutarch anasema mama mkwe huyu alimchunga Pompeia kwa karibu sana, mpaka mtu aliyekuwa akimtaka hakupata njia ya kuonana naye.

Mtu huyo alikuwa Publius Clodius Pulcher. Ukoo wake ulikuwa miongoni mwa koo kongwe na zenye kiburi kikubwa kabisa Roma, mwenyewe alikuwa na umri wa kama miaka 30, ulimi mwepesi, pesa zipo, aibu haipo. Plutarch anadai alikuwa bado hana ndevu, ndiyo maana akaona anaweza kupita kama mwanamke. Cicero, ambaye hakumpenda, miaka kadhaa baadaye alimvika upya mbele ya seneti kipande kwa kipande: gauni la rangi ya zafarani, kilemba cha kike, viatu vya kike, riboni za zambarau, sidiria, na kinanda mkononi. Alijifanya mmoja wa wapiga vinanda walioalikwa.

Kwa nini? Waandishi wa kale wanasema mapenzi. Sina hakika. Kama ni kuonana na Pompeia tu, siku nyingine 354 za mwaka zilikuwapo (kalenda ya Roma ilikuwa bado na siku 355, Caesar huyuhuyu ndiye aliyekuja kuirekebisha). Kuuchagua usiku ambao nyumba imejaa wanawake kila pembe, na mama mkwe yuko macho, si hesabu ya mpenzi. Nadhani alitaka kuingia kwa sababu hairuhusiwi kuingia, na Pompeia alikuwa udhuru mzuri.

Mlango ulikuwa wazi, na kijakazi aliyejua mpango akamwingiza. Kisha akakimbia kwenda kumwarifu bibi yake. Akakawia. Clodius alitakiwa kukaa palepale alipoachwa, lakini subira hakuwa nayo. Akaanza kuzunguka katika nyumba ile kubwa, akikwepa taa. Hapo ndipo alipokutana na mjakazi wa Aurelia.

Mjakazi hakushuku chochote. Aliona mwenziwe na kinanda, akamkaribisha waje wacheze, kama wanawake walivyofanya usiku ule. Mgeni akakataa. Mjakazi akamvuta mkono: njoo huku mwangani, wewe nani, umetoka wapi? Clodius akajibu kwamba anamngoja Habra, kijakazi kipenzi wa Pompeia. Kilikuwa kisingizio cha kufaa, lakini kilitoka na sauti ya mwanamume.

Mjakazi alipiga ukelele, akakimbilia kwenye mwanga na umati, akilia kwamba amemkamata mwanamume. Nimesoma kisa hiki mara nyingi na kila mara hunisikitisha kwamba jina lake halimo. Yeye ndiye aliyefichua, na waandishi wote wamempita. Hata Habra huenda si jina: kwa Kigiriki, lugha ya Plutarch, neno hilo lina maana ya kijakazi kipenzi, kwa hiyo yawezekana tumehifadhiwa cheo, mtu tukampoteza.

Sasa tazama walichokifanya wanawake. Walishtuka, naam. Lakini mshtuko haukuchukua muda. Aurelia alikatiza ibada papo hapo. Kisha akavifunika vitu vitakatifu. Kisha akaamuru milango ifungwe. Kisha akatwaa mienge, akapita nyumba nzima chumba kwa chumba. Mtu mwingine angeanza na mwizi. Yeye alianza na kilichokuwa kikiibwa: alihakikisha kwanza kwamba hata kama mwanamume yumo ndani ya kuta, hakuna anachoweza kukiona. Clodius alipatikana amejificha katika chumba cha yule msichana aliyemwingiza. Wakamulika, wakamtambua, wakamtoa nje kwa kumfukuza. Hiyo ni simulizi ya Plutarch. Cicero, aliyeandika majuma machache tu baada ya tukio, ana neno jingine: kwamba kijakazi mmoja alimwokoa na kumtorosha. Labda yote ni kweli. Labda kijakazi alimfungulia mlango wa nyuma wakati mabibi wakipiga kelele mlango wa mbele, na baadaye kila mmoja akasimulia ushindi wake.

Usiku uleule wanawake walitawanyika, wakaenda makwao, wakawaeleza waume zao. Asubuhi Roma nzima ilikuwa na habari.

Hapa inafaa kutulia kidogo. Fikiria wake wa maseneta, mmoja huku, mwingine kule, wakigonga milango ya nyumba zao kabla ya wakati. Mume anaamka: vipi, mbona mapema? Na mke anaanza kusema. Anasema nani aliingia, alivaa nini, aliingizwa na nani, nani alipiga ukelele, alifichwa wapi. Na siku za baadaye hayo yote yakafika kwenye barua, hotuba, vitabu vya historia, hadi kwetu, na rangi ya gauni ikiwamo. Lakini ibada ilikatizwa ikiwa imefika wapi? Kilichofunikwa na Aurelia kilikuwa nini? Walikuwa wakiimba nini? Hakuna hata mstari. Mamia ya mazungumzo ya kitandani, katika jiji lililopenda umbea kuliko mkate, na hakuna aliyeponyokwa. Walieleza kila kitu kuhusu mtu aliyeingia, na kuhusu alichokikatiza wakanyamaza.

Jambo la pili walilolifanya ni kuirudia ibada. Mabikira wa Vesta waliifanya upya tangu mwanzo, kama desturi ya Roma ilivyotaka kwa sadaka iliyoharibika. Cicero anaitaja habari hiyo kwa rafiki yake Atticus katika barua ya Januari mwaka 61 KK, kwa maneno machache, kama mtu anayepita haraka kwenye la muhimu ili afike kwenye la kusisimua. Kwa upande wa wanawake, naona, shauri lilikuwa limekwisha. Uchafu umeondolewa, sadaka imetolewa, Bi Mwema ameridhika. Kwa wanaume ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Seneti iliwauliza mabikira wa Vesta na makuhani: lililotendeka ni nini? Wakajibu kwamba ni kufuru. (Mkuu wa makuhani hao alikuwa Caesar. Haijaandikwa alikuwa na uso wa namna gani siku hiyo.) Caesar mwenyewe alimpelekea Pompeia talaka. Pompeia alisema nini, alilia, alikanusha, alirudi kwa nani, hakuna aliyejali kuandika. Anatoka katika historia na talaka yake mkononi, na pengine hakuwa ametenda kosa lolote zaidi ya kutamaniwa na mjinga.

Makonsuli wakaleta muswada wa kuunda mahakama maalumu, ambayo waamuzi wake wangechaguliwa na pretori. Siku ya kura, vijana wenye ndevu za mtindo waliomshabikia Clodius walijaa uwanjani, na magenge yake yakayashika madaraja ya kupigia kura. Vibao vya kura viligawiwa, ila vya kukubali havikugawiwa. Mtu alipewa cha kukataa tu. Seneti ikakutana tena: waliomtetea Clodius kama 15, waliompinga kama 400. Mwishowe Hortensius, wakili mashuhuri, akaona bora kesi isikilizwe tu, waamuzi wapatikane kwa kura ya bahati nasibu. Alisema hata upanga wa risasi ungetosha kumchinja mtu mwenye hatia ya wazi namna hiyo. Cicero hakukubaliana naye hata kidogo, na Cicero ndiye aliyekuwa sahihi.

Kesi ilisikilizwa mwaka huo wa 61. Clodius alidai kwamba usiku ule hakuwapo Roma kabisa, alikuwa Interamna, mji ulio safari ya siku kadhaa. Cicero akasimama akaapa kwamba siku ileile Clodius alikuja nyumbani kwake, mjini. Utetezi ukabaki hauna miguu. Wakaja Aurelia na binti yake Julia, dada wa Caesar, wakaeleza yote waliyoyajua. Ni jambo dogo katika vitabu, sentensi moja ya mwandishi Suetonius, lakini kwangu ndiyo saa kubwa ya kesi nzima. Bibi wa ukoo wa Caesar, mtunza heshima, analeta neno la nyumbani mwake mbele ya wanaume waliojaa uwanja, kumhusu mwanamume aliyevaa gauni na mke wa mwanawe. Akatoa ushahidi. Kisha akaitwa mwanawe. Caesar akasema yeye hajui lolote. Sasa mbona umempa mke talaka? Akajibu kwamba watu wa nyumba yake hawatakiwi hata kushukiwa, na jibu hilo limetajwa vizazi na vizazi kama mfano wa heshima. Mimi naliona kama jibu la mwanasiasa: Clodius alipendwa na makabwela wa Roma, na Caesar alikuwa akiwahitaji. Mama alisema kweli, mwana akasema maneno mazuri.

Kuhusu Terentia, Plutarch anatuambia kwamba ndiye aliyemsukuma mumewe atoe ushahidi, na sababu anayoitoa ni wivu: eti dada yake Clodius, Clodia, alitaka kuolewa na Cicero. Huenda. Lakini Terentia ndiye aliyekuwa mwenyeji wa ibada mwaka uliotangulia kisa hiki. Alipamba, aliuona moto ukilipuka, alitembea usiku na ujumbe wa mabikira wa Vesta. Siku mtu alipoingia kwa dhihaka katika shughuli hiyohiyo, alihitaji wivu wa nini tena ili akasirike? Plutarch alikuwa mwandishi mzuri sana, ila jambo hili halikumpitia akilini.

Waamuzi walikuwa 56. Walianza kwa kujifanya wana hofu, wakaomba ulinzi wa askari, wakapewa. Halafu, katika muda wa siku mbili, anavyolalamika Cicero, pesa zikapita kwa mkono wa mtumwa mmoja aliyewahi kuwa mpiganaji wa uwanjani, na waliotaka zaidi ya pesa walitimiziwa kwa usiku wa wanawake na wa vijana wa familia bora. Kura 25 za hatia, 31 za kumwachilia. Seneta Catulus alimkuta mmoja wa waamuzi akamuuliza: ulinzi mlituomba wa nini, mlichelea kuporwa hizo pesa? Na Clodius alipomcheka Cicero kwamba waamuzi hawakukiamini kiapo chake, Cicero akamjibu kwamba 25 walimwamini yeye, na wale 31 hawakumwamini Clodius pia, maana walichukua chao kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji maneno mengi. Clodius hakusahau kile kiapo. Mwaka 59 KK aliacha uungwana wake akajiandikisha kabwela ili apate kugombea utribuni, wadhifa wa watetezi wa makabwela, na aliyemfanyia hilo, kwa mamlaka ya kuhani mkuu, alikuwa Caesar. Mwaka 58 alimfukuza Cicero uhamishoni, akaibomoa nyumba yake ya kilima cha Palatino, na kwenye kiwanja akaweka mahali pa ibada ya mungu Uhuru. Terentia alikimbilia kwa mabikira wa Vesta. Barua moja ya mumewe, iliyojaa machozi, inasema alikuja kutolewa hapo na kupelekwa mbele za watu hadi mahali palipoitwa Tabula Valeria. Yaani mwanamke aliyehifadhi siri za mungu alikokotwa hadharani kwa ajili ya kiapo cha mumewe juu ya siri hizo. Hakuna hotuba ya Terentia juu ya jambo hili. Tunajua tu kwamba aliishika mali ya familia mpaka mumewe aliporudi mwaka 57.

Kulikuwa na imani kwamba mwanamume akiiona ibada ya Bona Dea, hata kwa bahati mbaya, atapofuka. Clodius alikuwa akitembea mjini na macho yake mawili mazima, na hilo liliwasumbua watu. Cicero alilijibu mwaka 57 mbele ya makuhani: adhabu ya kupofuka imempata, ila imepiga akili badala ya macho. Ni jibu la wakili. Jibu rahisi zaidi lilikuwapo tangu usiku wa kwanza. Aurelia alikuwa amefunika. Clodius hakuwa ameona kitu.

Tarehe 18 Januari mwaka 52 KK, katika Barabara ya Appia karibu na Bovillae, msafara wa Clodius ulikutana na msafara wa adui yake Milo. Watumwa wakagombana, Clodius akajeruhiwa, akaingizwa katika nyumba ya wageni kando ya njia, akatolewa na kuuawa. Fulvia, mkewe, aliuweka mwili sebuleni akawaonyesha watu jeraha moja baada ya jingine, na umati ulioghadhibika ukaubeba hadi jengo la seneti, ukauchoma humo pamoja na jengo lenyewe. Cicero, katika hotuba ya kumtetea Milo, hakuacha kutaja kwamba pale Clodius alipopigwa palikuwa mbele ya kijihekalu cha Bona Dea, katika shamba la mtu binafsi. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo karibu miaka kumi.

Wanawake waliendelea. Kila Desemba mume wa nyumba fulani alitoka, picha zikafunikwa. Livia, mke wa kaizari Augustus, alilikarabati hekalu la Bona Dea lililokuwa chini ya mwamba wa Aventino. Wanaume nao hawakuacha kukisia, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo makisio yalivyozidi kuwa machafu. Zaidi ya karne moja na nusu baada ya kisa cha Clodius, mshairi Juvenal aliichora ibada ile kama ulevi na ashiki tupu, kwa undani ambao shahidi wa kweli asingeupata. Penye ukuta mtu huandika matamanio yake.

Lakini lipo jiwe moja, lililochongwa Roma, ambalo linanivutia kuliko mashairi yote ya Juvenal. Liliwekwa na Felix Asinianus, mtumwa wa umma aliyewatumikia makuhani, chama kilekile ambacho Caesar aliwahi kukiongoza. Felix alipoteza nuru ya macho. Madaktari wakamkatia tamaa. Baada ya miezi kumi akapona kwa dawa za Bona Dea, akamtoa ndama jike mweupe kuwa sadaka, kisha akaandika shukrani zake kwa Kilatini cha mtu asiyesoma sana. Jina la mwanamke aliyemhudumia kwa niaba ya mungu huyo amelichonga wazi, Cannia Fortunata. Dawa zilikuwa nini, na zilitiwaje, hakuandika.